Mwongozo wa Kutazama Filamu za Mapenzi za Krismasi Bila Kuficha Rimoti

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na tabia ambayo nikiikumbuka leo inanichekesha. Kila niliposikia nyayo za mtu zikikaribia sebuleni, nilinyakua rimoti na kuhamia kwenye taarifa ya habari, kana kwamba nimefumwa nikitazama jambo lisilosemeka mbele za watu. Kumbe kilichokuwa kwenye runinga ni mwanamke mwenye koti jekundu, mwanamume aliyebeba mti wa Krismasi begani, na mji mdogo wenye taa nyingi kuliko wakazi; hakuna hata mmoja aliyekuwa amevua skafu. Nilichokionea haya ni kwamba nilikuwa nimejua, tangu dakika ya tano, kila kitakachotokea hadi mwisho, na bado nilikuwa nimejikunyata kwenye kochi kwa utulivu wa mtu anayesubiri pilau ifunuliwe.

Mwongozo huu nimemwandikia msomaji mwenye tabia kama hiyo yangu, na pia yule aliyejaribu filamu moja ya aina hii, akaiona ya kitoto, akaiacha katikati. Kutazama filamu hizi kunahitaji ujuzi wake, na ujuzi wenyewe si mgumu, ingawa hakuna anayeufundisha.

Badili unachokisubiri

Kosa la kwanza ambalo watu wengi hulifanya ni kuitazama filamu ya mapenzi ya Krismasi kama wanavyotazama filamu ya upelelezi, wakisubiri kushtushwa, kisha wakalalamika kwamba hawakushtuka. Mtu anayekwenda kwenye taarabu haendi kusikiliza wimbo asioujua. Anauendea ubeti ambao ameuimba jikoni mwaka mzima, na ubeti huo unapokaribia huanza kujiweka sawa kwenye kiti, akaipapasa noti ndani ya mkoba, ili ukifika tu awe tayari ameinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Raha yake iko katika kujua kwamba unakuja, na katika kuona safari hii utaletwaje.

Kwa hiyo, kabla hujabonyeza kitufe chochote, kubaliana na nafsi yako kwamba mwanamke huyu atampata mwanamume huyu, kwamba duka la mikate litaokolewa, na kwamba busu la mwisho litakuja zikiwa zimebaki dakika mbili au tatu. Ukishalikubali hilo, macho yako yatapata nafasi ya kutazama mambo mengine, na mambo hayo mengine ndiyo utamu wenyewe.

Zinakotoka

Inasaidia kujua nani anayezipika. Mwaka 1910 kijana wa miaka 18 aitwaye Joyce Hall (naam, ni mwanamume) alifika Kansas City, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, akiwa na maboksi mawili ya viatu yaliyojaa postikadi za kuuza. Biashara ile ilikua ikawa kampuni ya kadi ya Hallmark, na mwaka 2001 ikazaliwa chaneli ya runinga yenye jina hilo hilo. Tangu mwaka 2009 chaneli hiyo imekuwa na msimu wake maalumu wa kuhesabu siku za kuelekea Krismasi, msimu ambao sasa huanza Oktoba, wakati huku kwetu watu bado wanawaza ada za shule. Nikiijua asili hiyo, sishangai tena kwa nini kila picha katika filamu hizi imekaa kama kadi: nyumba yenye moshi wa bomba, theluji juu ya paa, maneno machache matamu, na hakuna mtu mwenye deni la dukani. Tuliokuwa tukipokea kadi za Krismasi kwa posta tuliizoea picha hiyo kabla hatujaiona ikitembea.

Chaneli nyingine za Marekani, Lifetime ikiwa ya mbele, zilifuata mkondo huo, na Netflix, ambayo ilifunguliwa kwetu na katika nchi nyingine zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja mwezi Januari 2016, ilijiunga rasmi mwaka 2017 kwa kutoa A Christmas Prince, kisa cha mwandishi wa habari anayetumwa kumchunguza mrithi wa kiti cha ufalme katika nchi ya Aldovia, ambayo haimo katika ramani yoyote. Mwezi Desemba mwaka huo huo kampuni hiyo iliandika kwenye Twitter kwamba kuna watu 53 waliokuwa wameitazama filamu hiyo kila siku kwa siku 18 mfululizo, ikawauliza ni nani aliyewaumiza. Watu wengi walikasirika kugundua kwamba wanahesabiwa kiasi hicho. Mimi nilifarijika. Kama kuna mtu ametazama mara 18, mimi niliyeitazama mara tatu nina haki ya kutembea kichwa juu.

Namna ya kuchagua

Usisome maelezo ya filamu, kwa sababu yote yanafanana. Tazama picha ya tangazo lake. Ikiwa mmoja wa wapenzi amevaa nyekundu na mwenzake kijani, uko mahali sahihi. Ikiwa wamesimama wakipeana migongo huku wamekunja mikono, tarajia ugomvi wa maneno kwa saa nzima, na ujue kwamba chanzo cha ugomvi huo ni shindano la kupamba nyumba au kuoka biskuti. Ikiwa nyuma yao kuna kasri, hiyo ni ya mwana wa mfalme. Akiwamo mtoto wa kike mwenye umri wa miaka saba au minane, baba yake ni mjane, na mtoto huyo ana akili kuliko watu wazima wote katika filamu. Akiwamo mbwa peke yake bila mtoto, mambo yatakuwa mepesi zaidi.

Kwa anayeanza, ninashauri filamu ya kurudi nyumbani. Mwanamke ana kazi kubwa New York au Chicago, mara nyingi ya matangazo ya biashara, na mchumba ambaye hatoi macho kwenye simu yake. Halafu mama anapiga simu, au bibi anaugua kidogo, au mwajiri anamtuma kwenda kuifunga nyumba ya wageni iliyoko katika mji ule ule alikozaliwa. Anapanda gari, redio inaimba, theluji inaanza, na mtu wa kwanza kukutana naye ni yule aliyekuwa naye sekondari, ambaye sasa anauza miti ya Krismasi na anavaa shati la drafti. Nina sababu yangu ya kuipendekeza aina hii. Sisi tuliozaliwa Kilimanjaro tunalijua jambo la kurudi nyumbani Desemba: mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi yanavyojaa, watu wanavyobeba magunia ya mchele na mabegi yasiyofungika, na shangazi anavyokungoja mlangoni na swali lake moja la kila mwaka. Mwanamke wa kwenye filamu naye huulizwa swali hilo hilo, ataolewa lini, na huulizwa mbele ya watu huku ameshika sahani, kwa hiyo unaweza kumcheka na kujicheka kwa wakati mmoja.

Filamu za mwana wa mfalme ziwe za pili, na zile za miujiza, ambamo mtu hupoteza kumbukumbu au mwanasesere wa theluji hugeuka kijana wa kupendeza, uziweke mwisho, ukishakomaa. Ipo pia aina ya mpenzi wa kuigiza, yaani mwanamke anayemwomba mtu asiyemjua vizuri ajifanye mchumba wake mbele ya familia kwa siku tano. Hiyo ni nzuri sana ikiwa nyumbani kuna wageni wengi, kwa sababu kila mtu atakuwa na maoni.

Jihadhari na filamu inayojitia ujanja, ile ambayo katikati yake mhusika anatamka kwamba haya mambo hutokea kwenye filamu tu. Mpishi anayeuombea radhi wali wake hajauamini yeye mwenyewe. Na kama dakika kumi zimepita na hakuna aliyelitaja neno Krismasi, funga, tafuta nyingine.

Jambo la mwisho katika kuchagua ni la mfuko. Pakua filamu usiku kwa bando la usiku, mbili au tatu kwa mpigo, hasa kama unasafiri kwenda kijijini ambako mtandao hupanda na kushuka pamoja na ukungu.

Ramani ya saa moja na nusu

Filamu hizi nyingi ziliandikwa kwa ajili ya runinga yenye matangazo ya biashara. Chaneli hutenga saa mbili, filamu yenyewe huchukua kama saa moja na nusu au pungufu kidogo, na muda uliobaki ni wa wauza sabuni na magari. Ndiyo maana mswada wake hukatwa vipande, mara nyingi tisa, na kila kipande hutakiwa kiishie mahali ambapo mtazamaji hatathubutu kuhama chaneli. Ukiitazama filamu ya namna hiyo mtandaoni, pasipo matangazo, bado utayaona makovu ya mshono: mlango unagongwa, simu inaita, mtu anatamka sentensi nzito, picha inafifia kwa sekunde moja, kisha tunaendelea pale pale kama vile hakuna kilichotokea. Jizoeze kuyahesabu makovu hayo. Ukishajua uko kipande cha ngapi, unajua umebakiwa na nini, na unaweza kumwambia mtoto kwa uhakika kabisa ni lini ataruhusiwa kubadilisha na kuweka katuni.

Kipande cha kwanza ni cha ofisi, simu na kikombe cha kahawa. Viwili vinavyofuata ni vya kufika, kugongana na mwanamume, kumwagiana kitu, na kugundua kwamba watalazimika kufanya kazi pamoja. Baada ya hapo huja mfululizo wa shughuli, nao ndio moyo wa filamu: wanachagua mti, wanaupamba mti, wanaoka biskuti na kupakana unga puani, wanateleza kwenye barafu, mmoja anaanguka na mwingine anamdaka. Hakuna kinachosonga mbele hapa, na hakitakiwi kusonga. Hapa ndipo mimi hukunja nguo zilizoanuliwa au kuchambua mchele, kwa sababu mikono ikiwa na kazi nyepesi macho hutulia vizuri zaidi.

Katikati kabisa huja busu linalokatizwa. Nyuso zinakaribiana, muziki unashuka, halafu kengele ya oveni inalia, au mtoto anaingia, au donge la theluji linatua begani. Linapaswa kukatizwa, kwa sababu wakibusiana dakika ya 45 hakutakuwa na sababu ya kumfanya mtazamaji avumilie matangazo ya gari kwa mara ya sita. Mtazamaji mzoefu haangalii nyuso wakati huu. Anaangalia mlango, akikisia ni nani atakayeingia.

Zikiwa zimebaki dakika kama 20 hutokea sintofahamu. Mwanamke anasikia nusu ya mazungumzo ya simu, au mwanamume anaiona bahasha mezani na kuamini kwamba alikuwa akidanganywa siku zote. Ninakiri kwamba sehemu hii huniudhi kila mwaka, kwa sababu kwetu jambo la namna hiyo lisingefika jioni: angeitwa shangazi, wawili wangekalishwa kwenye mkeka, kila mmoja angesema lake, na bahasha ingefunguliwa mbele ya mashahidi. Wao humaliza suala hilo kwa kufungasha mabegi. Ushauri wangu ni kwamba hapo ndipo uinuke uende jikoni. Injika maji, ponda tangawizi, ongeza majani na maziwa, usubiri yachemke mara mbili. Ukirudi na kikombe chako, mwanamume atakuwa anakimbia kuelekea uwanja wa mji, ambako umati wote umekusanyika kuwasha taa za mti mkubwa, na hutakuwa umepoteza kitu.

Kisha ataomba radhi mbele ya watu wote, watabusiana, na theluji itaanza kudondoka kutoka mbinguni kama iliyopewa ishara. Kwa kweli imepewa.

Theluji na vikombe

Hapa ndipo panaponipa raha kuliko pengine pote, na ndipo ninapomwomba msomaji akae karibu na skrini. Sehemu kubwa ya filamu hizi hupigwa nchini Kanada, hasa katika majimbo ya British Columbia na Ontario, ambako serikali za huko huwapunguzia kodi watengenezaji wa filamu na ambako miji midogo inafanana vya kutosha na ya Marekani. Upigaji wake ni wa haraka, kwa kawaida wiki mbili hadi tatu tu, na mara nyingi hufanyika katika miezi isiyo na theluji, hata katika kiangazi chao cha Julai na Agosti. Theluji unayoiona inaweza kuwa povu, karatasi iliyokatwakatwa, mablanketi meupe ya pamba yaliyotandikwa juu ya nyasi, au barafu halisi iliyosagwa na kumwagwa pale tu wahusika watakapokanyaga.

Ukishalijua hilo, filamu nyingine kabisa hufunguka ndani ya ile ya kwanza. Tazama midomo yao wanapozungumza nje usiku: penye baridi kali pumzi hutoka kama mvuke, lakini hawa huzungumza dakika tano bila hata uzi wa moshi. Tazama nyuma ya nyumba, juu ya mabega yao. Utaona mti uliojaa majani ya kijani kibichi, umesimama katikati ya majira ya baridi kama mgeni aliyekosea siku ya sherehe. Tazama mstari ambapo blanketi la theluji linaishia na nyasi zinapoanza. Kuna filamu niliyoirudisha nyuma mara nne ili kuhakikisha kwamba kile nilichokiona juu ya mdomo wa mwanamume aliyevaa sweta, koti la manyoya na glovu, ni jasho. Kilikuwa jasho. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi Dar es Salaam, Desemba, feni ikizungusha joto lile lile, shingo imelowa, nikimtazama mtu anayetokwa jasho akijifanya anatetemeka. Sijapata kumpenda mwigizaji kwa kiasi kile.

Halafu kuna vikombe. Kila mhusika hubeba kikombe cha kahawa cha karatasi, na kikombe hicho ni kitupu. Mtu aliyebeba kinywaji cha moto hukishika kwa tahadhari, hukilinda na bega la mpita njia, na akigeuka ghafla hukiacha nyuma kidogo ili kisimwagike. Hawa huvipunga hewani kama wanaongoza kwaya. Wakivinywa huviinua mpaka pembe ambayo ingemwunguza mtu yeyote koo, wakameza hewa, wakasema ni tamu. Ukianza kuviona vikombe hivyo hutaweza kuacha, na nakuomba radhi mapema kwa hilo.

Wa kutazama nao

Filamu hizi zina sifa ambayo haisemwi vya kutosha: zinatazamika na wazazi. Kila aliyekulia katika nyumba yenye runinga moja anaijua ile hofu ya kutazama filamu ya kizungu mbele ya baba, pale watu wawili wanapoanza kusogeleana na kila mtu sebuleni ghafla anakumbuka jambo la kufanya nje. Katika filamu za Krismasi za namna hii hakuna matusi, hakuna chumba cha kulala, na busu lenyewe ni moja, la mwisho, la kwenye hadhara, na limefungwa vifungo hadi shingoni. Nimetazama na mama yangu, na shangazi, na padri aliyepita kutusalimu, na hakuna aliyelazimika kukohoa.

Kutazama na mama, hata hivyo, kunakutaka uwe tayari kueleza. Atakuuliza wanakunywa nini, nawe utamweleza kwamba ni maziwa yaliyopigwa na mayai na sukari, na wengine huongeza pombe, naye atasema hayo ni mambo ya mgonjwa. Atauliza kwa nini wamesimama chini ya kijani kilichoning'inizwa mlangoni, nawe utamweleza kwamba ni tawi la mmea unaojishikiza juu ya miti mingine, na kwamba kwa desturi yao wawili wakikutana chini yake wanapaswa kubusiana. Mama alilifikiria jambo hilo kwa muda, kisha akasema mmea wa namna hiyo kwenye miti yetu ya kahawa tunaukata kabla haujaua mti. Swali lake la tatu ndilo lililonikalia akilini: wanaoka tangu mwanzo, sasa wanakula lini? Nimechunguza tangu hapo, na ni kweli hawali. Meza hujaa, mtu anainua glasi na kusema maneno ya shukrani, picha inakatwa. “Na mbuzi yuko wapi?” akauliza, maana kwetu Krismasi pasipo mbuzi ni Jumapili ya kawaida.

Ukiwa na vijana, cheza mchezo wa punje. Kila mtu apewe punje kumi za mahindi, na kabla filamu haijaanza kila mmoja ataje mambo atakayoyaona: nani katika familia alishafariki, busu la kwanza litakatizwa na nini, mchumba wa mjini atatokea siku gani, gauni la usiku wa mwisho litakuwa la rangi gani. Anayepatia anavuna punje kutoka kwa wenzake, na anayebaki mikono mitupu anaosha vyombo. Gauni ni jekundu karibu kila mara, kwa hiyo mkubaliane mapema kwamba jekundu halihesabiwi.

Akitokea wa kukudhihaki, usijitetee kwa maneno mengi. Kaka yangu hunicheka kila mwaka kwamba natazama kitu ninachojua kitaishaje, naye Jumapili alasiri hukaa saa mbili akitazama marudio ya mechi ya Jumamosi aliyoitazama moja kwa moja, na goli likikaribia huinuka kwenye kiti. Siku moja nilimwuliza kama alikuwa na wasiwasi lisingeingia. Hajanijibu hadi leo.

Yanayokera

Kuzipenda si kuzifumbia macho. Kwa miaka mingi wapenzi wakuu katika filamu za chaneli hizo walikuwa karibu wote weupe, na mweusi alipewa nafasi ya rafiki: yule anayepokea simu, anayetoa ushauri wa busara, anayecheka mahali panapofaa, ambaye hatumwoni nyumbani kwake wala hatujui Krismasi yeye atakuwa wapi. Hali imebadilika katika miaka ya karibuni, ingawa ukitazama filamu za zamani utakutana na rafiki huyo tena na tena, nami hujikuta namsubiri yeye kuliko mhusika mkuu. Kinachonikera zaidi ni kwamba mwanamke ndiye huacha kazi yake ya mjini, kila mara, wakati mwenye miti ya Krismasi hajawahi hata kuulizwa kama angependa kuhamia Chicago.

Mambo hayo yakikuchosha, ipo dawa ya karibu. Mwaka 2020 Netflix ilitoa tamthilia ya Afrika Kusini iitwayo How to Ruin Christmas, ambamo Tumi anarudi nyumbani kwa harusi ya dada yake na kuivuruga, na mwaka uliofuata ikaja A Naija Christmas ya mwongozaji Kunle Afolayan, ambamo mama anawashindanisha wanawe wamletee mkwe. Humo utakuta kelele, jamaa wasioalikwa, mama mwenye madai na chakula kinacholiwa. Hakuna theluji, na hakuna anayeiulizia.

Kiasi

Filamu mbili kwa usiku mmoja zinatosha. Ukipita hapo visa huanza kuchanganyika, ukamngoja mjane wa filamu ya kwanza aingie katika kasri la filamu ya tatu. Usianze Oktoba hata kama chaneli zinaanza, kwa maana ifikapo Desemba utakuwa umeshiba na utawaonea kinyaa watu wasio na hatia. Mimi huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya misa, na ile ninayoipenda zaidi huiweka akiba hadi nikiwa nimefika nyumbani Kibosho.

Mwaka jana niliiweka akiba kama kawaida. Tulikuwa mimi, mama na shangazi, tarehe 23, mvua imekatika na mawingu yamefunguka kidogo jioni ile, kiasi kwamba kupitia dirisha la jikoni, juu ya migomba, ilionekana theluji ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ya kweli, nyeupe, ambayo hakuna mtu aliyeimwaga. Tukafunga dirisha kwa sababu ya mbu, tukakaa kutazama ile ya povu. Zilipobaki kama dakika kumi, mwanamume akiwa ndiyo kwanza anakimbia kuelekea uwanjani, umeme ulikatika, na runinga ikazima pamoja na kijiji kizima.

Shangazi alisikitika kweli kweli, akasema sasa tutajuaje. Nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza darini, nikawasimulia: kwamba anafika amechelewa, kwamba umati unamfungulia njia, kwamba anasema alikosea kuhusu ile bahasha, kwamba meya anawasha taa za mti, kwamba mwanamke anashuka ngazi akiwa na gauni jekundu, na kwamba wanabusiana na watu wote wanapiga makofi. Nilipomaliza palikuwa kimya kwa kitambo, inasikika mifereji tu ikidondosha matone nje.

“Umeisahau theluji,” mama akasema gizani.